Ligi ya fantasi ya langalanga: tulianza watu 18, mbio za mwisho Abu Dhabi tumefika tisa. Msimu huu nifanyeje?

Kona_ya_Tatu

Wakuu habari za muda huu. Kuna jambo linanisumbua tangu Novemba na nataka nilimalize kabla msimu wa 2026 haujaanza tarehe 8 Machi kule Melbourne.

Mwaka jana 2025 nilianzisha ligi ya fantasi ya Formula 1, washkaji niliosoma nao na majirani hapa Tabata. Sio ile ya kwenye app maana wengi wetu bando ni la kubana, ya kwetu ilikuwa grupu la WhatsApp na Google Sheets basi. Kila mtu ana milioni 100 za kufikirika, anachukua madereva wanne na timu moja, mmoja anamfanya kepteni pointi zake zinadabo. Pointi ni zilezile za mbio, mshindi 25, wa pili 18, wa tatu 15, hivyohivyo mpaka wa kumi anapata 1, na timu inapata jumla ya madereva wake wawili. Kiingilio elfu 20, watu 18, jumla laki tatu na sitini. Mshindi wa kila mbio anachukua elfu 5, kwa mbio 24 hiyo ni laki na ishirini, laki mbili na arobaini inayobaki ni ya bingwa.

Sasa zikafika mbio za Las Vegas. Kwetu ilikuwa Jumapili saa moja asubuhi, Verstappen kashinda, Norris wa pili, Piastri wa nne, hao wawili wote ni wa timu ya McLaren. Saa tatu nikawa nimeshapiga hesabu nimetangaza mshindi na elfu 5 yake nimemtumia kwa simu nikaenda zangu kanisani. Jamaa alikuwa na Norris kepteni, ana Piastri, ana na McLaren yenyewe, hapo peke yake ni pointi 78. Natoka kanisani mchana nakuta grupu linawaka, McLaren zote mbili zimeenguliwa, ubao wa chini ya gari umelika ukawa mwembamba kuliko milimita 9 zinazotakiwa. 78 imekuwa sifuri. Antonelli aliyekuwa wa tano amekuwa wa tatu, mwenye Antonelli anadai hela yake. Usiku nikabadilisha matokeo nikamwomba jamaa arudishe elfu 5. Ikawa ugomvi mkubwa, akatoka kwenye grupu na wenzake watatu wakamfuata.

Na kabla ya hapo watu watano walikuwa washaacha kutuma timu tangu mapumziko ya Agosti. Ukiwajumlisha na wale wanne ndo tukabaki tisa.

Halafu kuna la dereva Lawson. Mshkaji mmoja alimnunua mwanzoni kwa bei ya dereva wa Red Bull, mbio mbili tu bila pointi hata moja akarudishwa Racing Bulls, ile timu yao ndogo, kiti akapewa Tsunoda, na mimi nikabaki sijui bei ibaki ileile au ishuke. Nikaiacha ileile, jamaa akaona nimemuonea.

Mimi haya mashindano nayapenda kweli, Jumamosi zangu zote nilikuwa nakaa na ile karatasi. Wenye uzoefu naombeni mnisaidie, sitaki tena kupoteza rafiki kwa sababu ya ubao wa gari.

Mzee_wa_Piti

Mkuu pole sana. Mi nina ligi yangu huku Arusha, huu wa 2026 utakuwa msimu wa sita, hayo yote nimeyapitia.

Kubadilisha matokeo hukukosea hata kidogo. Ulipokosea ni kutangaza na kulipa saa tatu asubuhi. Gari likishamaliza mbio linakwenda kupimwa, uzito, ubao, mafuta, na waamuzi wanaweza kukaa masaa kadhaa kabla hawajatoa jibu. Kumbuka mbio za Spa 2024, Russell kashinda kwa kusimama piti kubadili matairi mara moja tu, watu wanashangilia, gari likapimwa likakutwa limepungua kilo moja na nusu, ushindi ukaenda kwa Hamilton. Shanghai 2025 wakaenguliwa watatu siku moja, Hamilton, Leclerc na Gasly. Halafu Vegas. Hizo nilizotaja tu ni mara tatu kati ya Julai 2024 na Novemba 2025, kwa hiyo usilichukulie kama ajali ya mara moja, lipangie kabisa.

Kwangu matokeo yote ni ya muda mpaka Jumatatu saa kumi na mbili jioni. Jumapili natuma karatasi nimeandika juu kabisa YA MUDA, watu wanatambiana wanavyotaka lakini hakuna hela inayotoka. Jumatatu jioni nafunga, Jumanne nalipa. Na baada ya kufunga hata wakubwa wa huko wabadilishe nini, sisi haturudi nyuma. Hiki cha mwisho ni muhimu kuliko unavyodhani, maana timu ina haki ya kuomba kesi ipitiwe upya ikileta ushahidi mpya, sasa wewe huwezi kukaa na hela za watu unasubiri.

Kuhusu Lawson, kwangu ukimnunua dereva umemnunua yeye, hukununua kiti, bei haiguswi. Ila siku timu inabadilisha dereva katikati ya msimu kila aliyekuwa naye anapewa badiliko moja la bure. Mwaka jana nililitumia mara mbili, kwa Lawson, na pale Alpine walipomtoa Doohan wakamweka Colapinto kuanzia Imola. Akiumwa ndo tofauti, hapo dereva wa akiba anamshikia nafasi mwenye timu. Jeddah 2024 Sainz alilazwa kwa kidole tumbo, Bearman kijana mdogo akaingia akamaliza wa saba, basi wote waliokuwa na Sainz niliwapa zile pointi 6.

Hayo yaandike na uyatume kabla ya Melbourne, kila mtu ajibu "nimekubali" kwenye grupu mbele ya wenzake. Asiyejibu usipokee kiingilio chake. Ongeza na mbio kufutwa, Imola 2023 ilifutwa kwa mafuriko, na Spa 2021 wametembea nyuma ya gari la usalama wakapewa nusu pointi, mshindi kapata 12 na nusu. Mwaka ule hatukuwa na sheria hiyo na tulibishana wiki mbili.

VumbiLaNaivasha

Salamu kutoka Nakuru. Sisi yetu ni ya rally, WRC yaani ubingwa wa dunia wa rally, tuko watu 14 lakini shida ni zilezile.

Hapo kwa kutangaza mapema nimekuelewa sana ndugu yangu. 2021 Safari Rally iliporudi kwa kalenda ya dunia baada ya miaka mingi, Neuville alilala Jumamosi akiongoza kwa karibu dakika nzima, sisi tuko Naivasha tumejaa vumbi mpaka kwa masikio na tushampongeza mwenye Neuville, hadi pesa ameshaanza kuitisha. Jumapili asubuhi pale Loldia shokabsoba ya nyuma ikakufa, gari likaisha, Ogier akachukua rally. Tangu hiyo siku hakuna mtu kwa grupu letu anaitwa mshindi kabla ya karatasi rasmi kutoka.

Lakini mimi nataka kuongea juu ya wale watano wa Agosti kwa sababu naona hao ndio waliua ligi yako, wale wanne wa Vegas walikuja tu kumalizia. Mtu akiwa wa 14 mwezi wa nane na pesa kubwa yote inangoja bingwa wa Desemba, atatuma timu ya nini? Utamwambia asikate tamaa, Verstappen alikuwa pointi 104 nyuma ya Piastri baada ya mbio za Zandvoort mwaka jana na mwisho akamaliza wa pili, amekosa taji kwa pointi 2 tu, 423 za Norris kwa 421. Ni kweli, lakini Verstappen alikuwa na gari, huyo wa 14 timu yake ni ileile mbovu na mabadiliko yameisha.

Kata msimu vipande. Mbio 24 zinagawanyika vizuri, vipande vinne vya mbio sita sita, na kila kipande kinaanza sifuri kwa sifuri, kila mtu anajenga timu upya. Zile elfu tano tano za kila wiki achana nazo, ndizo zinaleta kelele. Kwa laki tatu na sitini yako weka elfu 50 kwa kila kipande, hiyo ni laki mbili, bingwa wa jumla laki na kumi, wa pili elfu 50. Sisi tulianza hivi 2023 na tangu hapo hakuna aliyeacha kutuma timu katikati ya msimu, yule wa mwisho kabisa mwaka jana ndiye alishinda kipande cha mwisho na bado anaongea juu yake mpaka leo.

Kwa rally tumelazimika kwenda mbele zaidi, unachagua upya kila rally, sababu kuna madereva hawakimbii zote. Ogier 2025 hakukimbia Sweden, hakukuja hapa Kenya, Estonia pia hakukuwa, na bado akawa bingwa wa dunia mara ya tisa. Mtu amemfungia msimu mzima angefanya nini hizo wikendi tatu?

Bint_Ruwi

Assalam alaykum. Mie nipo Muscat, ligi yetu ni ya ukoo, wengine Unguja, wengine Mombasa, kaka yangu yupo Birmingham. Waliotangulia wamesema mengi mazuri, nataka kuongeza la saa tu maana kwetu ndilo lililotugombanisha.

Niliandika kwenye grupu "timu zote zifike kabla ya saa 3 Jumamosi", ilikuwa mbio za Suzuka, Japani, mwaka jana. Kwa Unguja na Mombasa kupanga nafasi za kuanzia mbio ni saa tatu asubuhi, na huo ndio mwisho. Binamu yangu akafahamu saa tatu usiku, akaleta timu yake saa nane mchana, kepteni Verstappen, na Verstappen keshachukua nafasi ya mbele tangu asubuhi. Kaka wa Birmingham yeye ndo kabisa, alisoma saa 3 ya Kizungu akajua ni saa tisa ya alasiri. Na siku ya pili Verstappen akashinda. Ikawa binamu ametuma baada ya kuona majibu, naye analia kwamba hakuona chochote, na mie namjua, hawezi kudanganya. Lakini sikuweza kumhesabia. Aliumia sana na mie niliumia.

Tangu hapo mwisho wetu ni Ijumaa usiku saa nne ya Unguja, kila wiki, ikiwa mbio zipo Japani au Brazil hatubadilishi. Wikendi ya sprinti, ile yenye mbio fupi ya ziada Jumamosi, ni Alkhamis usiku. Hapo unakosa kuona mazoezi ya Ijumaa lakini unapata amani.

La pili, asipige hesabu mtu mmoja. Sisi ni mie na shangazi yangu, kila mmoja anahesabu kivyake halafu tunalinganisha ndo tunatoa. Mara tatu tumegundua kosa, mara mbili lilikuwa langu.

Na kama unataka watu wawapende madereva wa bei ndogo, toa pointi kwa nafasi alizopanda tangu alipoanzia. Silverstone 2025 Hülkenberg kaanza wa 19 kamaliza wa tatu, jukwaa lake la kwanza baada ya mbio 239. Kwetu mtu mmoja tu alikuwa naye, bi mkubwa wa miaka sitini na kitu, alifurahi siku hiyo mpaka akatupikia biriani.

Papai_la_Bonde

Kona ya Tatu, mimi ndo yule wa 78.

Sikutaka kuandika ila nimesoma nimeona bora niseme mwenyewe. Elfu 5 sio iliyonitoa. Kuenguliwa nilikuona hata kabla yako, nilijua McLaren zimetoka na nilijua pointi zimeondoka. Kilichoniuma ni kwamba hukunipigia. Ulipigiwa simu na wawili watatu, ukaamua usiku, na mimi nikaja kusoma kwenye grupu mbele ya watu wote kwamba NIRUDISHE hela, kama vile niliiba. Mimi na wewe tumetoka mbali kaka. Ungenipigia ningerudisha hata kabla hujamaliza sentensi. Na wale watatu sikuwaambia watoke, walitoka wenyewe kwa sababu waliona ulivyoniandikia.

Kona_ya_Tatu

Kaka nimesoma na nimekaa kimya nusu saa. Ni kweli. Niliandika vile nikiwa nimechanganyikiwa, simu zinaingia huku na huku, nikafikiria karatasi nikamsahau mtu. Nisamehe. Nakupigia leo jioni, na kwenye grupu nitaandika pia kwa sababu ulidhalilika palepale.

Wakuu wengine nimechukua yote. Matokeo ya muda mpaka Jumatatu saa kumi na mbili jioni, hela Jumanne. Vipande vinne vya mbio sita. Mwisho wa timu Ijumaa saa nne usiku, na nitaandika "usiku" kwa herufi kubwa. Dada wa Muscat ushauri wa wahesabuji wawili umeniingia, mwaka jana nilikuwa peke yangu na hakuna aliyeweza kunikagua.

Papai, kama utakubali nataka mhesabuji wa pili uwe wewe.

Papai_la_Bonde

Piga simu kwanza.

Ila nikikubali sheria moja naiweka mimi, wahesabuji wawili hatuchukui hela ya kipande hata tukishinda, inakwenda kwa anayefuata. Na bei tuzipange upya kabisa, mwaka huu madereva ni 22, Cadillac wamekuja na Bottas na Perez, na Sauber imekuwa Audi, zile bei za mwaka jana hazifai hata moja. Lete karatasi Jumamosi tukae.

Mzee_wa_Piti

Hao wawili wa Cadillac msiwauze chini ya milioni 6. Timu mpya kweli, lakini wameshashinda mbio 16 ukiwajumlisha, na mkiwaweka bei ya chee watu wote watakuwa nao kabla ya kufika Shanghai, mbio za pili.