Mrejesho: ile bustani ya mboga na mawifi zangu

Jamani nimerudi, ni yule niliyewauliza kuhusu bustani ya nyumbani hapa Mikindani, kwamba mimi na mume wangu ndo tunachota maji na kubeba samadi alafu mawifi wanakuja na ungo kuchuma tu, tena wanang'oa mchicha na mizizi yake. Wengi mlisema niweke uzio na kufuli. Sikuweka, uzio kati ya ndugu unaleta maneno, nikamfata mama mkwe nikamweleza taratibu, akawaita wote uani akasema kila mtu awe na tuta lake na zamu ya kumwagilia jioni.

Basi wifi mkubwa akachukua bamia na nyanya chungu, mdogo matembele maana ukishachomeka marando hayana usumbufu, mchicha na kunde nimebaki nazo mimi. Mchicha sasa tunakata kwa kisu juu kidogo ya ardhi, shina linachipua pembeni unakata tena. Udongo wetu kichanga, maji yanapotea haraka, ivo tunatandaza majani makavu, na yale majani ya mwarobaini ya kutwanga na kuloweka usiku kucha mliyonielekeza yamepunguza sana wadudu kwenye bamia, asanteni kwa kweli.

Kuku wa jirani ndo bado wanasumbua. Na wifi mdogo anaruka zamu akienda kuokota korosho, ila siku hizo namwagilia mie na yeye ananiletea kuni, naona sawa kabisa.