Krediti 19 muhula wa kwanza: nazimudu au najitafutia balaa?

Kipimapembe
Habari zenu wakubwa. Naanza uhandisi mitambo na dirisha la usajili liko wazi. Nimejaza hivi (namba kwenye mabano ni krediti, yaani uzito wa somo): Kalkulasi I (4), Fizikia ya umakanika, yaani nguvu na mwendo (3) na maabara yake (1), Kemia (3) na maabara yake (1), Kuandika programu za kompyuta (3), Uchoraji wa kihandisi (2), Stadi za mawasiliano (2). Jumla 19. Nimebana vipindi vyote Jumatatu hadi Jumatano ili siku nne zibaki za kujisomea. Hesabu nilikuwa vizuri shuleni, kemia ya kuungaunga. Nikisogeza kemia muhula wa pili naogopa kuachwa nyuma na wenzangu. Mnanishaurije?

Mama Ripoti
Mdogo wangu, krediti zinadanganya, hesabu saa. Maabara inaandikwa 1 lakini unasimama humo saa tatu, halafu ripoti inakula nyingine tatu: majedwali, grafu, makadirio ya makosa ya vipimo. Uchoraji wa krediti 2 mara nyingi ni saa nne mezani. Mihadhara yako ni saa 15, maabara 6, uchoraji 4, tayari 25. Kila saa ya mhadhara ipe mbili za kujisomea, hizo 30. Ripoti mbili, 6. Umefika saa 61 kwa wiki, na mchoro wa kumalizia chumbani sijauhesabu. Ukiondoa kemia na maabara yake unabaki na 46. Bado ni kazi ya mtu mzima hiyo.

Nati na Bolti
Naunga mkono saa, ila kabla hajatoa kitu atazame kwanza kila somo linafungua mlango gani. Kalkulasi I hiyo usiiguse hata kidogo: nyuma yake imejipanga Kalkulasi II, kisha milinganyo tofautishi (ya vitu vinavyobadilika), kisha nusu ya masomo ya mwaka wa tatu. Fizikia nayo inafungua umakanika tuli (wa vitu visivyosogea), na huo unafungua umakanika wa mwendo na uimara wa maada, yaani jinsi chuma na vitu vingine vinavyohimili mzigo. Ukikwama hapo, mwaka mzima unasogea. Kemia kwa mtu wa mitambo kwa kawaida inasubiriwa na sayansi ya maada tu, ina nafasi ya kupumua. Angekuwa uhandisi kemikali ningesema kinyume kabisa. Lakini hakikisha kemia inafundishwa muhula wa pili! Kuna masomo hutolewa mara moja kwa mwaka, na hapo ushauri wetu wote unakufa.

Saa Mbili Usiku
Mbona hakuna aliyegusa hizo siku tatu? Kaka, kalkulasi ukiilundika siku mbili, maswali utayaanza Alhamisi ukiwa umesahau hatua. Itawanye siku nne, saa moja moja, na ufanye maswali siku ileile. Maabara ya fizikia iweke alasiri ambayo kesho yake asubuhi huna kipindi, uandike ripoti takwimu zikiwa bado za moto. Na programu isikutishe kwa idadi ya saa. Inatisha kwa kutotabirika. Kosa la nukta-mkato (;) moja linaweza kumeza jioni yako yote.

Kipimapembe
Asanteni sana. Nimeangalia, kemia ipo muhula wa pili. Nimeisogeza, nimebaki na 15. Kalkulasi sasa ni Jumatatu, Jumanne, Alhamisi na Ijumaa; maabara Jumatano alasiri, Alhamisi sina kitu hadi saa sita. Swali la mwisho: muhula wa pili nitakuwa na kemia, Kalkulasi II na fizikia ya umeme yenye maabara yake. Si nimeuhamisha tu mzigo?

Nati na Bolti
Umeuhamisha, ndiyo. Ila kufikia hapo uchoraji na mawasiliano vimekwisha, na ripoti ya maabara utakuwa unaiandika kwa nusu ya muda. Stadi za mawasiliano usizisogeze, ziache hapo hapo. Somo moja jepesi kati ya mengine ya hesabu linasaidia kichwa.

Mama Ripoti
Nusu ya muda? Labda wewe. Ila 15 ni sawa, jisajili kabla nafasi za Jumatano hazijajaa.