Naomba ushauri: kifaa cha umeme wa kichwani pamoja na mazoezi ya mkono baada ya AVC, yaani kiharusi (Bukavu)

Kine_Kadutu
Wakubwa, habari za jioni. Nina mgonjwa hapa Kadutu, muzee wa miaka 61, AVC ya mshipa kuziba, huu ni mwezi wa tano. Skana inaonyesha upande wa kulia wa ubongo, kwa hiyo mkono wa kushoto ndio umelala. Bega linainuka hadi usawa wa kifua. Kiwiko kinakunja vizuri, kunyoosha ndiyo kazi. Kifundo cha mkono kinapanda digrii 15 hivi, vidole vinafunguka robo. Fugl-Meyer ya mkono, alama za kupima mwendo wake, ni 31 kwa 66.

Watoto wake walio nje wametuma kifaa cha tDCS, kinachopitisha umeme mdogo kichwani, kile kidogo cha batri chenye sponji mbili, waya mwekundu na mweusi. Wanataka tuanze Jumatatu. Sponji zikae wapi, miliampia ngapi, dakika ngapi, tuwashe kabla ya mazoezi au yakiendelea? Na kweli kinaongeza kitu?

Dokta_Ibanda
Kaka, tuanze na mahali. Mkono wa kushoto unaongozwa na ubongo wa kulia, hivyo sponji ya waya mwekundu inakaa juu ya sehemu iitwayo C4. Chukua utepe wa fundi wa nguo. Pima kutoka kibonyeo cha juu ya pua hadi kifundo cha kisogo, utie alama katikati. Kisha pima kutoka mbele ya tundu la sikio moja hadi jingine kupitia juu ya kichwa, utie alama katikati pia. Alama mbili zinapokutana ndipo utosi. Kutoka hapo shuka kuelekea sikio la kulia kwa asilimia 20 ya urefu wa sikio hadi sikio: ukipata sentimita 36, unashuka 7 na kidogo. Sponji nyeusi inakaa juu ya nyusi ya kushoto. Ukigeuza waya, unatuliza upande uleule uliotaka kuuamsha, na kifaa hakitakuonya.

Kipimo kilichozoeleka ni miliampia 1 hadi 2, dakika 20, mkono ukifanya kazi wakati mkondo unapita. Umeme huu hauamuru msuli. Ni mdogo mno kuzifyatua seli za neva. Unazisogeza tu karibu na kuitika. Muzee akikaa anaangalia televisheni, umezisogeza seli bila kuzipa kazi.

Ila usiwashe kabla hujanijibu. Ana chuma kichwani? Alipasuliwa fuvu? Ana kifaa cha moyo? Amewahi kuanguka kifafa tangu augue? Na niandikie dawa zake zote.

Fundi_Vifaa
Naongeza upande wa kifaa. Kwa miliampia 2 tumia sponji za sentimita 5 kwa 7. Ndogo zaidi zinabana mkondo mahali pamoja. Ziloweshwe kwa serum ya chumvi ya asilimia 0.9, ya famasi, ziwe na unyevu bila kudondoka. Maji ya bomba hayapitishi umeme vizuri: kifaa kinapandisha volti ili kitimize miliampia ulizoomba, na ngozi ndiyo inaumia. Maji yakichuruzika kutoka sponji moja hadi nyingine, mkondo unapita juu ya ngozi tu.

Kosa linalounguza watu ni mkanda uliolegea. Kona ya sponji inanyanyuka bila mtu kuona, umeme wote unabanana kwenye kipande kilichobaki, na ukitoa sponji unakuta doa jekundu la ukubwa wa sarafu. Futa mafuta ya kichwa, tenganisha nywele, kagua ngozi kabla na baada. Mkondo upande taratibu kwa sekunde 30, ushuke vilevile. Kuwashwa kidogo mwanzoni ni kawaida. Uchungu unaozidi kupanda, zima. Na kifaa kisitumike kikiwa kwenye chaja. Umeme wa SNEL, kampuni yetu ya umeme, unavyokatika na kurudi kwa nguvu, mgonjwa asiunganishwe na ukuta hata dakika moja.

Yaya_Kine
Ndugu zangu, swali lake la mwisho ndilo zito. Mwaka 2016 watafiti wa Oxford walichapisha jaribio la wagonjwa 24: siku tisa za mazoezi, na waliopata mkondo walikuwa mbele bado baada ya miezi mitatu. Matumaini yakapanda. Kisha Marekani wakafanya TRANSPORT2, wagonjwa 129, miliampia 2, miliampia 4, au mkondo wa bandia, wote wakifungiwa mkono usiougua na kufanyishwa kazi ule mgonjwa kwa wiki mbili. Matokeo ya 2025: makundi yote yalipanda, wenye mkondo hawakuwapita wa bandia. Sumaku nayo, ile ya kuamsha ubongo kutoka juu ya kichwa, jaribio la NICHE la 2018 lenye wagonjwa 199 lilimalizika hivyohivyo, ingawa mwongozo wa Ulaya wa 2020 unaipa sumaku daraja la juu kwa miezi ya mwanzo.

Kilichowapandisha wote ni kazi ya mkono. Watafiti waliowahi kuhesabu waligundua kwamba katika kipindi cha kawaida cha kine (tiba ya mazoezi) mkono ulioumia unafanya marudio ya kazi kama 32 tu. Wanyama wa maabara wanapewa mamia kwa siku. Nawaomba tuumie kwa ajili ya pengo hilo kuliko kwa ajili ya waya.

Kine_Kadutu
Asante sana. Chuma hana, hakupasuliwa. Dawa: amlodipine, aspirini, atorvastatin, na carbamazepine 200 asubuhi na jioni, kwa sababu alianguka kifafa wiki ya tatu, na tena mwezi wa tatu. Presha ya leo 168 kwa 98.

Dokta_Ibanda
Basi kifaa kirudi kwenye boksi. Kifafa cha baada ya AVC kinatosha kukizuia, na sumaku pia. Tena carbamazepine inafunga njia za sodiamu kwenye seli, na ilishapimwa kwamba inafuta ule mwamsho wa waya mwekundu. Ungemtia hatarini kwa faida ambayo dawa yake imeshaizima. Wasije wakaipunguza ili kifaa kifanye kazi. Narudia, isiguswe.

Presha hiyo ndiyo dharura yako. Wengi baada ya AVC tunawataka chini ya 130 kwa 80. Carbamazepine inaharakisha ini kuivunja amlodipine, hivyo huenda anameza dawa kila siku na haifiki kiasi. Mpeleke kwa daktari wake wiki hii, umtajie dawa hizo mbili kwa majina.

Yaya_Kine
Daktari akikubali, tumia kichocheo cha msuli kwenye mkono wenyewe. Pedi moja chini kidogo ya kiwiko upande wa nje, nyingine katikati ya mgongo wa mkono wa mbele. Hezi 35, mikrosekunde 250, sekunde 5 za kuvuta na 10 za kupumzika, nusu saa mara mbili kwa siku, yeye mwenyewe akijitahidi kufungua kila mashine inapovuta. Kifundo kikivutwa upande wa kidole gumba, sogeza pedi ya chini kuelekea kidole kidogo. Vidole vikikunja, mkondo umeingia misuli ya chini: punguza, hamisha. Mashine ya kutuliza maumivu isiyo na muda wa kupumzika inachosha msuli bure.

Kisha kazi. Mpira wa kubana mwondolee, vidole tayari vinajua kukunja. Anachokosa ni kufungua. Aanze na gobele (kikombe) ya plastiki: aishike, aipeleke, aiachie. Kuachia ndiyo hesabu. Kila akiachia, mama wa nyumbani ahamishe haragi moja kutoka bakuli hadi bakuli. Lenga maharagi 100 asubuhi na 100 jioni, kwa vipande vya dakika kumi. Gobele iwekwe kushoto kwake, maana ubongo wa kulia ukiumia mtu anasahau upande huo. Atataka kuinama na mwili mzima badala ya kunyoosha kiwiko: mfunge kitenge kifuani hadi kwenye mgongo wa kiti. Vidole vikifunguka nusu, ndipo umwekee sambaza kavu, wale samaki wadogo, achague mmojammoja.

Kufungia mkono usiougua bado. Kipimo cha kawaida ni kifundo kipande digrii 20 na vidole vifunguke 10. Na mtu asimwinue kwa kumvuta mkono ule. Bega likianza kuuma, mazoezi yote yanasimama.

Mwana_Bagira
Na ile mashine ya umeme ya kupandikizwa, ya shingoni?

Dokta_Ibanda
Hiyo inaamsha neva ya vagasi, inayopita shingoni. Jaribio la 2021, wagonjwa 108 wa mshipa kuziba, kuanzia miezi tisa baada ya AVC. Mtaalamu anabonyeza kitufe mkono unapofanya kazi, marudio zaidi ya 300 kwa kipindi, mara tatu kwa wiki, wiki sita. Fugl-Meyer ilipanda pointi 5.0 dhidi ya 2.4. Marekani waliidhinisha mwaka huohuo. Ni upasuaji, na muzee huyu yuko mwezi wa tano.

Kine_Kadutu
Nimeelewa. Watoto wameshalipia kifaa, niwaambie nini?

Yaya_Kine
Waambie ukweli wa kifafa na carbamazepine. Kama wanataka kutuma kitu kingine, watume kichocheo cha msuli chenye muda wa kupumzika, pedi za ziada, na kipima presha cha mkono wa juu. Hicho kipima presha kitangulie.