Naomba ushauri: je, niendelee kuandika kuhusu nadharia za njama?

Ndugu zangu, mimi ni mwandishi wa makala za siasa, na kwa miaka sita sasa nimejikita katika nadharia za njama, yaani madai kwamba nyuma ya tukio kubwa kuna watu wachache waliopanga jambo kwa siri.

Kinachonitatiza ni kwamba njama nyingine zilikuwa za kweli. Huko Marekani, utafiti wa Tuskegee, uliofanywa na idara ya afya ya serikali, uliwaacha mamia ya wanaume weusi wenye kaswende bila tiba kuanzia mwaka 1932 hadi 1972, na ulikoma baada ya mtu aliyeufahamu kutoka ndani kuwafikishia waandishi habari zake. Mwandishi anayepuuza kila dai angeipoteza habari ile. Anayeamini kila dai huwachafua watu wasio na hatia, jambo ambalo kwangu ni baya zaidi.

Mwezi uliopita mhariri alinirudishia makala niliyoihangaikia kwa miezi minne, akiwa ameandika pembeni kwa kalamu nyekundu: “Nyaraka ziko wapi?” Alikuwa na haki, kwa kuwa nilimtegemea shahidi mmoja tu. Tangu siku hiyo hajanipa kazi nyingine.

Naomba wenye uzoefu mnishauri: nirudi kwenye habari za bunge na uchaguzi, au nibaki hapa na kujifunza uchunguzi wa nyaraka kwa kina? Na msomaji anayeniandikia kila wiki kwamba ukimya wangu unathibitisha nimenunuliwa, nimjibu nini?