Mjadala: Je, tumtake anayekwenda Ujerumani kusoma uzamili awe na cheti cha Kijerumani kabla ya kumchangia?

Mleta hoja, Tabora Mjini

Ndugu zangu, naileta hoja hii hadharani ili ijadiliwe na watu wengi kuliko sisi tuliokuwa kikaoni. Mfuko wetu wa elimu, unaochangiwa na wenyeji wa Tabora na Kigoma waliopo ndani na nje ya mikoa hii, umepokea maombi ya vijana waliopata nafasi za shahada ya uzamili katika vyuo vikuu vya umma vya Ujerumani. Baadhi ya wajumbe wamependekeza sharti jipya, kwamba asichangiwe mtu ambaye hajafikia kiwango cha B1 cha Kijerumani, yaani ngazi ya tatu ya kuijua lugha, baada ya A1 ya mwanzo kabisa na A2 inayofuata, hata kama programu aliyodahiliwa inafundishwa kwa Kiingereza tangu mwanzo hadi mwisho. Mimi nalipinga sharti hilo kwa namna lilivyoandikwa, ingawa lugha yenyewe siipingi.

Tuanze na fedha, maana ndizo zilizozaa sharti. Vyuo vikuu vingi vya umma vya Ujerumani havimtozi ada hata mgeni. Jimbo la Baden-Württemberg huwatoza wanafunzi wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula tangu mwaka 2017, na Chuo Kikuu cha Ufundi cha München nacho kilianza kuwatoza mwaka 2024, lakini kwingi kijana wetu hulipa mchango mdogo wa muhula na kuingia darasani. Kinachomkwamisha ni akaunti iliyofungwa. Mwombaji wa viza asiye na mfadhili hutakiwa kuonyesha kwamba ameweka euro 11,904, naye atazichukua akiwa huko kidogo kidogo, euro 992 kila mwezi. Kwa fedha zetu hizo ni zaidi ya shilingi milioni 30, na sijamwona mkulima wa tumbaku wa Urambo wala mvuvi wa dagaa wa Kibirizi anayeweza kuziweka mahali kwa mkupuo mmoja bila kuchangiwa. Wajumbe wanaogopa kuzikabidhi kwa mtu atakayeshindwa maisha ya ugenini na kurudi baada ya muhula mmoja, na hofu hiyo naielewa.

Lakini hebu tuitazame B1 kwa karibu. Goethe-Institut, taasisi ya Kijerumani ya lugha na utamaduni ambayo kwetu ipo Upanga, Dar es Salaam, hukadiria kwamba anayeanza bila kujua neno anahitaji vipindi kati ya 350 na 650 vya dakika 45 ili kufika hapo. Vipindi hivyo, kwa mtu wa huku, maana yake ni Dar es Salaam, yaani zaidi ya kilomita 800 za reli kutoka Tabora na zaidi ya 1,200 kutoka Kigoma. Mwombaji anayeishi Kinondoni atapanda daladala kwenda Upanga jioni akitoka kazini, ilhali wa Kasulu ataacha kazi, apange chumba, alipe chakula na karo ya kozi kwa miezi kadhaa, ndipo aje kutuomba msaada sisi tuliomtaka atumie kwanza fedha asizokuwa nazo. Sharti linaitwa la lugha, lakini kwa vitendo litakuwa linapima umbali kati ya nyumbani kwa mwombaji na Upanga.

Pendekezo langu ni kwamba mfuko unaotaka lugha uilipie lugha, na gharama yake iandikwe katika bajeti ya mwanafunzi kama zilivyoandikwa nauli na bima.

Mchangiaji kutoka Ujiji, kwa sasa yupo Dresden

Mleta hoja, kuhusu umbali umesema kweli tupu, lakini umejadili Kijerumani kana kwamba ni somo la darasani. Ninasoma uhandisi wa maji kwa Kiingereza, na darasani Kijerumani sikihitaji kabisa. Mihadhara ni Kiingereza, mitihani ni Kiingereza, na mkutano wa maabara ni Kiingereza mpaka saa sita mchana, watu wanapokwenda kula na mazungumzo yote yakageuka Kijerumani, pamoja na yale ya nani atachukuliwa kuwa msaidizi wa utafiti muhula ujao.

Kazi kubwa iko nje ya chuo. Ukishapata chumba unatakiwa kujiandikisha kwa mamlaka ya mji, na kwa kawaida muda unaopewa ni wiki mbili. Fomu ni ya Kijerumani, na ofisa wa dirishani halazimiki kukusemesha Kiingereza, hata kama anakijua. Mkataba wa pango ni wa Kijerumani, na humo ndimo ilimoandikwa dhamana ya chumba, ambayo kisheria inaweza kufika kodi ya miezi mitatu.

Halafu zinakuja barua. Jirani yangu wa ghorofani, ambaye naye ni mgeni wa programu ya Kiingereza, alikuwa akizirundika kwenye droo ya jikoni pamoja na karatasi za matangazo ya maduka, kwa kuwa zote zilifanana machoni pake. Mojawapo ilikuwa ya ada ya utangazaji wa umma, ambayo kila nyumba hulipa, euro 18.36 kwa mwezi, uwe na televisheni au usiwe nayo. Alipoomba asomewe, barua ilikuwa imeshafuatwa na nyingine mbili, deni limelimbikizwa kwa miezi, na juu yake imeongezwa faini ya euro 8. Kiasi hicho hakimfukuzishi mtu nchini, lakini kwa anayeishi kwa euro 992 ni sehemu ya chakula cha mwezi. Kilichomuuma zaidi ni kwamba mstari wa kwanza wa barua, ambao mtu wa A2 angeuelewa, ulikuwa umeandika wazi kinachotakiwa.

Kuhusu kazi, tangu Machi 2024 sheria inamruhusu mwanafunzi wa kutoka nje ya Umoja wa Ulaya kufanya kazi siku 140 nzima kwa mwaka, au nusu siku 280. Ghalani usiku, kwenye kupanga mizigo, hakuna anayekuuliza sarufi. Ofisi za uhandisi, zile zenye kazi ambayo ingekuwa sehemu ya mafunzo yako, huuliza. Na anayesema “nitajifunza nikifika” ajue kwamba kozi ya lugha ya chuo hujaa mapema, hugongana na ratiba ya maabara, na ndiyo ya kwanza kuachwa mitihani inapokaribia. Kwa hiyo mimi nasema sharti libaki, ila lishushwe hadi A2.

Mwalimu mstaafu, Tabora

Mwanangu wa Ujiji, asante kwa kutueleza kama mtu anayeyaishi. Nataka niongeze jambo ambalo vijana wengi hawalikumbuki. Wakati Ujerumani zilikuwa mbili, wageni waliokwenda kusoma upande wa Mashariki walipelekwa kwanza Leipzig, kwenye Taasisi ya Herder, wakafundishwa Kijerumani kwa muda wa kutosha kabla ya kugawanywa vyuoni. Gharama ilikuwa ya mwenyeji, na hakuna aliyemwambia kijana wa Kiafrika aje na lugha mfukoni. Masomo yenyewe yalikuwa ya Kijerumani, nalijua hilo, lakini utaratibu ulikuwa wa haki kwa kuwa aliyeihitaji lugha ndiye aliyeigharimia. Nashangaa kuona sisi, tena watu wa reli moja, tunataka kuwa wagumu kuliko wao.

Mzazi na mwajiri, Kigoma

Naona wote mnabishana juu ya kiwango, A2 au B1, huku swali la maana likikaa kimya. Mnataka mwanafunzi ajue Kijerumani ili afanye nini? Nina kampuni ndogo ya ujenzi, na nimewahi kumruhusu fundi mchundo wangu mzuri aende kusoma. Sheria za Ujerumani zinampa mhitimu wa chuo cha kule miezi 18 ya kutafuta kazi. Akiipata kazi inayolingana na shahada yake, akaifanya miaka miwili na kuchangia pensheni, anaweza kuomba ukaazi wa kudumu, na kiwango cha lugha anachoulizwa ni hichohicho cha B1. Kwa hiyo B1 mnayoipigania ni tiketi ya kwenda bila ya kurudi, tena tunainunua kwa michango ya wajane wa Gungu na Mwanga. Mkitaka lugha, mwekeeni kwanza mkataba wa kurudi. Bila huo, mwacheni asome Kiingereza chake, apate shahada, Kijerumani kimshinde, arudi nyumbani.

Mleta hoja

Mzee wangu, shikamoo. Hofu yako siwezi kuibeza, kwa maana sheria umezieleza sawasawa. Ila kumnyima mtu lugha ili arudi ni kumrudisha akiwa amesoma nusu. Mhandisi asiyeweza kuzungumza na mafundi wa kiwanda alichofanyia mazoezi atarudi na alichokisoma kwenye slaidi, na kazi yako ya ujenzi haihitaji slaidi.

Isitoshe, hapa nyumbani Kijerumani kina kazi ambayo imekaa muda mrefu bila mtu wa kuifanya. Tunaishi Tabora karibu na boma lililojengwa na Wajerumani, reli yao ilifika hapa mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na meli ya Liemba iliundwa Papenburg mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikasafirishwa hadi Kigoma na kuunganishwa upya. Kumbukumbu nyingi za utawala huo zimo katika Nyaraka za Taifa jijini Dar es Salaam, zikiwa za Kijerumani, na sehemu yake iko katika mwandiko wa zamani ambao hata Mjerumani wa leo huusoma kwa taabu. Mwanafunzi wa historia wa Tabora anayeandika juu ya Mtemi Isike wa Unyanyembe, aliyepambana na Wajerumani hadi kifo chake mwaka 1893, analazimika kutegemea tafsiri na muhtasari wa watu wengine kwa habari zilizoandikwa juu ya babu zake. Akipatikana mmoja wa uzamili akarudi na lugha hiyo, mfuko utakuwa umelipwa, hata kama wahandisi wawili watabaki Stuttgart.

Kwa mdogo wangu wa Dresden, A2 nakubaliana nayo kama lengo. Bado naipinga kama kizingiti cha kuombea.

Mwombaji, Kasulu

Mimi ni mmoja wa wanaozungumzwa. Ni mwalimu wa biolojia, nina barua ya udahili ya programu ya Kiingereza, na nina mtoto wa miaka mitatu. Najifunza kwa simu baada ya mtoto kulala, nikiwa na bando la usiku, na ninaweza kujieleza kuhusu familia, bei, saa na ugonjwa. Nadhani hiyo ni A1, ila cheti sina, kwa kuwa safari ya kwenda kufanya mtihani inanigharimu zaidi ya mtihani wenyewe.

Wakubwa zangu, kuna jambo hamjalitaja. Nina miaka 29. Bima ya afya ya Ujerumani kwa kiwango nafuu cha wanafunzi hukoma mwishoni mwa muhula ambao mtu anatimiza miaka 30, na baada ya hapo mtu hutafuta bima ya gharama nyingine. Nikiambiwa nikae Dar es Salaam hadi nifike B1, naanza masomo nikiwa nimeupita umri huo, na nafasi yangu ya udahili hainisubiri. Kwa mwanamke mwenye mtoto, “nenda Dar es Salaam miezi sita” ni jibu la hapana lililosemwa kwa adabu.

Tena, DAAD, ambao ni wafadhili Wajerumani wenyewe, katika baadhi ya ufadhili wao wa uzamili wa Kiingereza humlipia mwanafunzi kozi ya lugha ya miezi kadhaa kulekule Ujerumani kabla ya muhula kuanza. Wenye lugha yao wanakubali nifike bila B1. Mfuko wa nyumbani unataka niipate kabla ya kupanda basi.

Mchangiaji kutoka Ujiji, kwa sasa yupo Dresden

Dada wa Kasulu, hilo la bima sikuliwazia, na linabadili hesabu yangu. Naondoa A2 kama sharti la kuomba. Nashauri iwe hivi: ukishapata udahili, mfuko ulipie masomo ya intaneti kwa muda wote unaosubiri viza, na mtihani wa A1 upangwe wiki ileile utakayokwenda ubalozini, pale Umoja House, Mtaa wa Mirambo, ili nauli iwe moja.

Mleta hoja

Nakubali, na nitaliandika hivyo: udahili kwanza, kozi kwa gharama ya mfuko, mtihani wa A1 katika safari ya viza, na lengo la A2 ndani ya mwaka wa kwanza, likifuatiliwa na wanafunzi wetu waliopo kule. Atakayeshindwa A1 bado atakwenda, ila atapangiwa mtu wa kumsomea barua.

Mzazi na mwajiri, Kigoma

Marahaba. Hiyo ni afadhali kuliko B1, na mwalimu wa Kasulu nitamchangia mwenyewe. Lakini mkataba wa kurudi haumo katika maandishi yako, na usipokuwamo nitapiga kura ya hapana.

Mleta hoja

Leta rasimu yake, mzee, isomwe kikaoni pamoja na yangu.