Tembo kazama Dodoma, nani awe steringi wa kumtoa: panya buku, mlembe au mdudu wa kinyesi?

Zabibu_Kavu: Mbukwenyi wakuu. Nina mpwa wangu wa miaka 7 hapa Nkuhungu halali bila stori na za sungura mjanja kashazikinai, juzi naanza tu hapo zamani za kale akanimalizia mwenyewe. Basi nikamtungia ya kwetu. Ile ya jina la mji mnaijua, tembo kaja kunywa maji akadidimia Wagogo wakasema idodomya. Nikamwambia yule tembo hajafa bana, yupo mpaka leo chini ya matope anasubiri kuvutwa, simba na faru wameombwa wakasema wana majukumu, kwa hiyo msafara unaongozwa na kiumbe kidogo kuliko wote. Akauliza nani? Nikasema kalale, kesho. Sasa kesho yenyewe ndio leo na nina majina matatu hayo hapo juu. Wanaanzia kwenye michoro ya mapangoni Kolo, Kondoa, wanashuka mpaka mjini. Tupieni hoja.

MtuWaMoro: Panya buku, funga uzi. Mmemsahau Magawa? Kazaliwa hapa chuo cha kilimo SUA Morogoro, shirika la APOPO wakamfundisha kunusa mabomu, akaenda Cambodia akatoa mabomu ya ardhini 71, mwaka 2020 Waingereza wa PDSA, shirika la kutibu wanyama, wakampa medali ya dhahabu iliyokuwa inapewa mbwa tu. Panya mwenye medali! Na siri ni wepesi, alikuwa kilo 1 na kidogo, anakanyaga bomu halilipuki. Sasa mtu asiyelipua bomu atazama kwenye tope?

ShangaziBahi: Mwanangu wewe wa Moro huna shamba. Huyo panya buku namjua, ana mifuko mashavuni, anaingia mwembamba kwenye mpunga wangu, anatoka kavimba uso kama ana jino bovu. Mkifika Makutupora kwenye zabibu msafara umeishia hapo, steringi anajaza mashavu na tembo anaendelea kusubiri. Tangu lini mwizi wangu akawa shujaa

MtuWaMoro: Shangazi shikamoo, yule ni panya wa mtaani, mi nasema aliyesoma 😂

Manyoni_Kwetu: Kuongoza ni kazi ya mlembe jamani, wengine mnalazimisha. Ndege mdogo tu lakini Wahadzabe kule Eyasi wanampigia mluzi anaitika, anaruka mti hadi mti mpaka kwenye asali, watu wanatoa asali yeye anakula nta. Kiumbe gani mwingine hapo ana uzoefu wa kuongoza binadamu?

Fundi_ChangOmbe: Mkuu uzoefu anao ila wa sehemu moja. Utamwambia twende kwa tembo, utajikuta umesimama chini ya mzinga na nyuki wako usoni. Halafu huyo mlembe anataga kwenye viota vya wenzake na kifaranga chake kikitoka tu kinawaua watoto wa mwenye nyumba, hiyo ndio stori ya kumlaza mtoto wa miaka 7?

Mi niko na mdudu. Kwanza hapotei, watafiti walitangaza 2013 kwamba usiku anafuata ule mkanda mweupe wa nyota angani ananyoosha mstari. Pili nguvu, kuna jamii moja yenye pembe ilipimwa ikavuta zaidi ya mara elfu moja ya uzito wake. Piga hesabu, mdudu wa gramu 2 anavuta kilo 2, tembo wa tani 6 ni wadudu 3,000, hao wanapatikana kwenye zizi moja tu mvua zikianza.

Manyoni_Kwetu: Unajua lakini anavyotembea? Kinyumenyume, kichwa chini, anasukuma na miguu ya nyuma. Kiongozi wa msafara haoni anakokwenda, anawaangalia mnaomfuata 😂😂

Fundi_ChangOmbe: Viongozi wangapi wanatembea hivyo na hamsemi

Babu_Mpwapwa: Wajukuu mmepima nguvu, mmepima wepesi, hamjauliza nani ana shida na huyo tembo. Panya ana mpunga wa shangazi yenu, ndege ana nta. Tembo akizama anayelala njaa ni mdudu wa kinyesi peke yake. Simba kaombwa akakataa, mdudu hajaombwa na kafunga safari. Anamfuata mteja wake.

Zabibu_Kavu: Babu umemaliza.

ShangaziBahi: Sawa ila 3,000 hawatoshi, tope la Dodoma linanata. Pikeni mlenda sufuria kubwa, mwagieni tembo pembeni huko, atateleza mwenyewe. Na mpike vizuri usikatike.

Zabibu_Kavu: Mrejesho wakuu. Jana nimempa mdudu, kinyumenyume na kila kitu, mtoto kacheka mpaka mama yake kagonga mlango. Panya nimempa kazi ya kuchimba (mashavu yamekaguliwa shangazi), mlembe kafukuzwa Kondoa baada ya mzinga wa pili. Mlenda ukamwagwa, tembo kachomoka kama sabuni. Nikajua nimelala. Akakaa kitandani akaniuliza, mjomba, sasa kama tembo katoka, mji utaitwaje?

Nikasema kalale, kesho. Leo saa mbili usiku natakiwa niwe na jibu, naombeni majina.