Mrejesho: lile gego mlilosema ling'olewe

Wakuu, salaam kutoka Mtwara. Niliuliza kama gego la chini ambalo fizi imeachia na mfupa kuliwa katikati ya mizizi yake miwili linaweza kuokolewa. Wengi mlisema ng'oa. Bado ninalo.

Nilipanda basi hadi Dar. Daktari wa fizi akapima kwa kichuma chenye alama pale mizizi inapoachana: kikaingia, ila hakikutokea upande wa pili. Hiyo ndiyo bahati yangu. Kingepenya, matumaini ya kuotesha mfupa yangekuwa madogo sana. Kwanza nikasafishwa ukoga hadi chini ya fizi, nikaachishwa sigara (hiyo iliniuma kuliko kisu). Baadaye ganzi, fizi ikafunuliwa, mizizi ikakwanguliwa, ukawekwa unga wa mfupa na utando juu yake, ili nyama ya fizi isiwahi nafasi kabla mfupa haujaota. Kisha nyuzi.

Leo ni mwezi wa 8 tangu upasuaji. Eksirei inaonyesha kivuli cha pale mfupa ulipoliwa kimepungua, hakijaisha. Korosho natafunia upande mwingine, na kijiburashi cha katikati ya meno ni kila usiku. Aliyeuliza gharama, nitamjibu pembeni.